Mikono ya Bi Hapana

Nianze na kosa langu, kwa kuwa bila hilo habari hii haina pa kuanzia. Nilimdhania Bi Hapana kuwa mwoga. Nilimwona akimgusa mpwa wangu kwa kiganja kimoja, kwa muda usiozidi pumzi tatu, kisha akauondoa mkono taratibu na asiurudishe tena. Papo hapo nikahukumu kwamba kazi imemshinda. Nina shahada mbili za lugha, na wiki mbili kabla ya siku ile nilikuwa nimeandika kwa kalamu yangu fasili ya neno linaloitaja kazi hiyo hiyo aliyokuwa akiifanya. Mtu akishaandika fasili ya kitu huanza kujiona mwenye kitu.

Tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili, tukitayarisha kamusi ndogo ya istilahi kwa wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza. Herufi za mwisho zilikuwa fungu langu. Chini ya neno “upapasaji” niliandika: “Uchunguzi wa mgonjwa kwa kumbonyeza kwa vidole ili kubaini kilichomo ndani ya mwili.” Nilijivunia ufupi wake. Lakini nina tabia moja ambayo wenzangu huicheka: siiamini fasili mpaka niijaribu. Nilipoandika “mapigo ya moyo” nilimshika tarishi wetu mkono na kumhesabia mpaka akaniuliza kama nimetumwa na kampuni ya bima. Kwa hiyo Jumamosi moja mchana, nyumbani kwa mdogo wangu wa kike, nilimwita mwanawe wa miaka minne, ambaye kwa maneno yake yasiyokwisha tulimwita Kasuku.

“Lala hapa. Leo Mjomba ni daktari.”

“Daktari gani ana kitambi?” akasema, lakini akalala mkekani na kuinua gauni.

Nilibonyeza upande wa kulia, akacheka. Nilibonyeza katikati, akacheka zaidi, akasema namtekenya. Nilipofika kushoto, chini ya mbavu, vidole vyangu vilikutana na kitu kigumu, cha mviringo, chenye ukubwa wa ngumi yangu. Nilidhani nimekosea. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

“Umekula nini wewe?” nilimuuliza, nikiendelea kutabasamu kwa sababu alikuwa akinitazama.

Mama yake alikuja akifuta mikono, naye akabonyeza. “Ni choo hicho, kaka. Hajaenda tangu juzi.”

Tukakubaliana hivyo, maana lilikuwa jibu rahisi na mtoto hakuwa na maumivu. Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulizembea, ila ukweli ni kinyume: tulikuwa na bidii. Kila jioni nilipotoka kazini nilipita pale kuona kama kile kitu kimeondoka, na kila jioni nilikibonyeza. Mdogo wangu alikibonyeza akimwogesha. Jirani, mama mmoja mfumaji wa sweta, alikibonyeza kwa kidole gumba na kusema ni minyoo. Kwa siku tisa tumbo lile halikupumzika. Siku ya tisa Kasuku alikojoa mkojo mwekundu, na kesho yake, Jumatatu asubuhi, tukawa hospitali.

Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu chenye safu mbili za vitanda vya chuma, kila kimoja na vizuizi vya pembeni vilivyochubuka rangi ya kijani. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, na mahali pake palizibwa kwa picha ya eksirei ya kifua cha mtu, hivi kwamba jua lilipopiga mbavu zake zilionekana sakafuni. Kasuku alizikanyaga moja moja akihesabu. Ndipo alipotokea mama mfupi, mpana wa mabega, mwenye viatu vyeupe vilivyoshonwa upya kwa uzi wa fundi viatu, na kucha zilizokatwa mpaka mwisho wa nyama. Hakuvaa pete kidoleni. Pete yake ya ndoa ilining’inia kwenye pini ndani ya mfuko wa sare.

Jina lake la kazi lilikuwa Sista, kama wenzake wote. Akina mama wa wodini walimwita Bi Hapana, na sababu niliielewa kabla ya saa moja kupita. “Sista, naweza kumpa soda?” Hapana. “Sista, nimvue hii plasta, inamwasha?” Hapana. “Sista, baba yake aingie kidogo tu, saa za kutazama wagonjwa si bado dakika kumi?” Hapana. Mumewe, fundi cherehani, nilikuja kumsikia akisema kwamba nyumbani mkewe hukubali kila kitu, kwa kuwa hapana zote humwishia kazini.

Mengine ya maisha yake niliyapata vipande vipande katika siku zilizofuata. Aliingia wodi ile akiwa na miaka kumi na tisa, ameshika fagio na ndoo. Msimamizi wa wakati huo aliona kwamba watoto waliokuwa wakilia walinyamaza msafishaji huyu alipowasogeza ili afagie chini ya vitanda, akamlazimisha kusoma masomo ya jioni. Alishindwa mtihani wa hesabu mara mbili. Alifuzu uuguzi akiwa na miaka thelathini na moja, akarudi kwenye sakafu ile ile, safari hii bila fagio.

Siku ile alianza kwa kufanya jambo ambalo niliona ni la kupoteza wakati. Alimimina maji ya moto katika kikombe cha bati, akakikumbatia kwa viganja viwili, akakaa kando ya kitanda akimhoji Kasuku kuhusu zile mbavu za sakafuni.

“Umehesabu ngapi?”

“Kumi na mia.”

“Basi huyo alikuwa mnene kuliko mjomba wako.”

Walipokuwa wanacheka aliweka kikombe chini, akaulaza mkono wake juu ya tumbo, upande wa kulia, mbali kabisa na mahali tulipomwonyesha. Vidole vilikuwa vimeshikana, kiganja kimenyooka. Hakulitazama tumbo hata mara moja. Alikuwa akiutazama uso wa mtoto. Mkono ulisogea kuelekea kushoto kama kitambaa kinachovutwa juu ya meza, ukafika chini ya mbavu, ukatulia. Pumzi moja, ya pili, ya tatu. Kisha akauondoa, akalishusha gauni, akanigeukia.

“Nani wengine wamegusa hapa?”

“Mimi. Mama yake. Na jirani.”

“Mara ngapi?”

“Kila siku. Siku tisa.”

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia baridi ya kwanza. Alisema tu, “Kuanzia sasa, basi,” akaenda kumwita daktari kwa mwendo ambao haukuwa wa kukimbia wala wa kutembea.

Saa sita mchana picha ya mawimbi ya sauti ilikuwa imepigwa, na daktari wa upasuaji, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, alitukalisha kwenye benchi. Katika figo ya kushoto kulikuwa na uvimbe wa saratani, wa aina inayowapata watoto wadogo. Umefunikwa na utando mwembamba. Ukitolewa ukiwa mzima, mtoto ana nafasi nzuri sana ya kupona. Ukipasuka ndani kabla ya kutolewa, vilivyomo vitamwagika tumboni kote, na nafasi hiyo itapungua. Damu ya kumwongezea na chumba cha upasuaji vingepatikana Alhamisi.

“Kwa hiyo hadi Alhamisi,” alisema, “kazi yetu ni moja. Usipasuke.”

“Na unaweza kupasuliwa na nini?” mdogo wangu aliuliza.

“Kuanguka. Kugongwa.” Alisita. “Kubonyezwa.”

Mdogo wangu hakunitazama. Nadhani aliona huruma. Lakini ningepona haraka zaidi kama angenipiga.

Tuliporudi wodini, Bi Hapana alikuwa amekata upande wa boksi la dawa na kuufunga kwa bandeji juu ya kitanda. Aliandika kwa wino wa bluu: TUMBO HILI LISIGUSWE. HATA NA DAKTARI.

Sijui kama msomaji amewahi kuogopa kitu kilicho ndani ya mtoto anayecheza. Kasuku hakujiona mgonjwa. Alitaka kuruka, kulala kifudifudi, kuinama kwenye kizuizi cha kitanda ili azungumze na mvulana wa kitanda cha pili aliyevunjika mguu. Kila alipojigeuza mimi niliusikia utando ule ukichanika, kwa masikio yangu kabisa, ingawa najua haukuwa na sauti. Bi Hapana alimfundisha mama yake kumwinua kwa mkono mmoja chini ya mapaja na mwingine mgongoni, kumwogesha kwa kumwagia maji bila kumsugua, na kumvalisha nguo isiyo na mpira kiunoni. Mimi hakunifundisha lolote. Niliiweka mikono yangu mifukoni na kukaa nayo humo kama watu wawili waliokamatwa.

Jumanne saa nne alikuja mhadhiri wa chuo cha udaktari, miwani kwenye paji la uso, wanafunzi sita nyuma yake. Alikuwa amesikia habari za uvimbe ule. Alisimama mbele ya kitanda na kuanza kukunja mikono ya koti. Bi Hapana akaja akasimama kati yake na kizuizi.

“Hapana, Profesa.”

“Sista, ni somo la dakika tano. Mwaka mzima wanaweza wasikutane na tumbo la namna hii. Hawa ni madaktari wa kesho.”

“Basi waguse kesho kutwa, ukishatoka. Watapewa kwenye sahani.”

Mwanafunzi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

“Wataugusa kwa uangalifu.”

“Wa kwanza ataugusa kwa uangalifu. Wa pili hatausikia, atabonyeza kidogo. Wa tatu ataona aibu kusema hajausikia, atabonyeza zaidi. Wa sita je? Mimi nimewafundisha wanafunzi, Profesa. Nawajua.”

Hapa ndipo nilipofanya kitendo ambacho ningetoa vingi ili niwe sijakifanya. Hofu ilikuwa imenichosha, na mtu aliyechoka kwa hofu hupenda wingi wa wataalamu. Tangu jana nilikuwa nimeamini kwamba mama yule aliyegusa mara moja na kukimbilia kwa daktari hakujua alichogusa. Nikasema, kwa Kiswahili changu cha mikutanoni, “Sista, pengine ni vema uwaruhusu. Huenda wakabaini zaidi.”

Aligeuka polepole. “Wewe mwenye siku tisa,” alisema, “kaa chini.”

Nikakaa. Mhadhiri alinyoosha mkono, si kwa mtoto bali kwa faili lililoning’inia miguuni pa kitanda, akashusha miwani, akasoma, akasoma tena ukurasa ule ule wa majibu ya picha. Aliporudisha faili, sura yake ilikuwa nyingine.

“Wote, mikono nyuma,” aliwaambia wanafunzi wake. “Leo mtajifunza kwa macho.”

Mchana ule nilirudi ofisini, si kwa kufanya kazi bali kwa kujificha. Nilishusha rafuni kamusi kubwa ya Kilatini, kwa sababu istilahi ambayo madaktari hutumia kwa uchunguzi wa mkono imetoka katika lugha hiyo, nami nilikuwa nimeifasili bila kutazama ilikotoka. Kitenzi chenyewe ni palpare. Maana yake si kubonyeza. Ni kugusa kwa ulaini, kupapasa taratibu kama mtu anavyompapasa farasi shingoni ili asishtuke, hata kubembeleza. Mistari michache chini nilimkuta mtoto wa kitenzi hicho, palpitare, kutetemeka na kudunda upesi upesi, neno ambalo ndilo lililozaa jina la kitabibu la moyo unaokwenda mbio. Nilisoma mistari hiyo huku moyo wangu ukifanya hivyo hivyo. Katika kamusi nzima ya Walatini, mahali nilipotafuta, hapakuwa na kidole kinachosukuma.

Jumatano asubuhi nilimkuta Bi Hapana kwenye meza ya wauguzi, akipanga vidonge. Nilimwomba radhi, kisha nikakiri kwake kile nilichokiandika, na nikamweleza habari za farasi.

“Kumbonyeza?” alisema. “Nani alikwambia kumbonyeza?”

“Hakuna. Nilidhani.”

“Na hao Walatini wako, walikuwa wauguzi?”

“Sidhani, Sista.”

“Lakini walijua.” Alichomoa unywele mmoja mweupe chini ya kitambaa chake, akaufunika kwa ukurasa wa daftari langu. “Haya, msomi. Utafute.”

Nilikandamiza ncha za vidole kwenye karatasi, nikizipeleka huku na huku. Sikusikia chochote ila meza.

“Ukibonyeza unajisikia mwenyewe,” alisema. “Legeza. Legeza tena. Sasa ngoja, ukufikie.”

Nililegeza mpaka nikahisi kama siigusi karatasi kabisa, na hapo, chini ya kidole cha kati, ukapita mstari mwembamba, kama wazo. Akaongeza ukurasa wa pili juu yake, nikaupata. Wa tatu, ukanipotea.

“Mimi hufika kurasa nane,” alisema bila majivuno. “Juzi sikuhitaji hata moja. Nilipoufikia nilijua, na nilipojua sikuwa na haki ya kuendelea kugusa. Wengi huendelea ili kujiridhisha. Anayelipa ni mtoto.”

Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu Jumatatu. “Sista, siku zile tisa. Nimeshaupasua?”

Nilitarajia anifariji. Alifunga chupa ya vidonge. “Sijui. Na wewe hujui. Kesho tutajua.”

Mchana wa siku hiyo hiyo mvulana wa kitanda cha pili aliutupa mpira wa soksi, ukapita juu ya Kasuku na kutua sakafuni. Mdogo wangu alikuwa ameinama akitafuta kikombe chini ya kabati. Nilipoinua macho, mtoto alikuwa tayari amepandisha mguu mmoja juu ya kizuizi, tumbo lake likiwa sentimeta chache tu juu ya chuma, na alikuwa anajiandaa kujiangusha juu yake ili ateleze upande wa pili. Nilikuwa hatua nne mbali. Miguu yangu haikwenda. Wala sauti.

“Kasuku, ganda!”

Sauti ilitoka mwisho wa wodi. Kumbe tangu Jumatatu walikuwa wakicheza mchezo wa kuganda, yeye na Bi Hapana, mchezo ambao mimi niliuona ni utani tu wa kupitisha muda. Mtoto aliganda kama alivyokuwa, mguu juu, mdomo wazi, macho yakicheka. Bi Hapana alikuja bila kukimbia, akapitisha mkono mmoja chini ya mapaja na mwingine mgongoni, akamrudisha godoroni.

“Nimeshinda?” Kasuku aliuliza.

“Umeshinda,” alisema. Kisha nilimwona akienda kwenye sinki, akafungua bomba, akasimama pale kwa muda mrefu bila kunawa.

Alhamisi walimchukua saa mbili asubuhi. Kwenye ukumbi wa kungojea kulikuwa na benchi la mbao na saa ya ukutani ambayo mshale wake wa dakika ulirukaruka. Mdogo wangu alishika kiatu kimoja cha mtoto mapajani. Saa tano na robo alinigeukia.

“Kaka, kama umepasuka, usije ukaniambia ni wewe. Mimi nilibonyeza zaidi yako. Nilikuwa nabonyeza hata ukishaondoka.”

Nilitoa mkono wangu mfukoni, nikauweka juu ya wake, nikalegeza.

Daktari alitoka saa sita kasoro. Kofia yake ilikuwa imelowa jasho. “Umetoka mzima,” alisema, na mdogo wangu akainama juu ya kile kiatu. Daktari aliendelea kueleza, mimi ndiye niliyesikiliza: kulikuwa na sehemu moja ambapo utando ulikuwa mwembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, kiasi kwamba ungeweza kuona rangi ya kilicho chini yake. “Siku nyingine ya kubonyezwa,” alisema, akatikisa kichwa, hakumaliza.

Zilifuata dawa za mshipani za miezi kadhaa, nywele zikapukutika, zikaota upya. Kasuku sasa yuko darasa la pili na figo moja, na walimu wake wanalalamika juu ya maneno yake.

Fasili niliifuta, nikaandika nyingine: “Uchunguzi wa mgonjwa kwa kumgusa taratibu kwa kiganja, kuanzia mahali pasipo na tatizo, huku mchunguzi akiutazama uso wa mgonjwa.” Mwenzangu wa meza ya pili alikata maneno ya mwisho, akisema uso si sehemu ya maana. Nikayarudisha. Akayakata tena. Nikayarudisha kabla ya kupeleka kwa mchapaji, na sikumwambia.

Kamusi ilipochapishwa nilipeleka nakala wodini, ila Bi Hapana alikuwa ameshastaafu. Mhudumu anayefagia pale aliipokea kwa niaba yake, na tulipokuwa tunazungumza nilisema kwamba ilikuwa bahati yetu kumkuta zamu zake zote za wiki ile, tangu Jumatatu hadi Alhamisi.

“Zamu gani?” akaniuliza. “Likizo yake ilianza Jumatatu ile saa nane mchana. Tiketi ya basi alikuwa nayo mkobani, anakwenda kwa binti yake aliyekuwa anajifungua, mimba ya kwanza, tena binti mwenyewe alikuwa amemlilia sana mama yake awepo.”

Mjukuu huyo alizaliwa Jumatano asubuhi, katika mji mwingine, mikononi mwa mkunga ambaye Bi Hapana hakumjua.